Simu Haijui Mkwe

Kwenye klabu yetu ya chesi hapa Bariadi, mambo makubwa yote yaliamuliwa na kofia. Ilikuwa kofia ya mwenyekiti, ya kijivu, ya kujikinga na jua. Siku ya mashindano aliivua, akatumbukiza humo vikaratasi vyenye majina yetu, akaitikisa kama mtu anayepepeta mchele, halafu akachomoa vikaratasi viwili viwili. Aliyetoka pamoja nawe ndiye adui yako. Ukimfunga unaendelea, ukifungwa unakwenda kunywa chai. Huo ndio mtoano, na kwa muda mrefu hatukujua kwamba kuna namna nyingine ya kuishi.

Mimi nilikunywa chai nyingi sana. Sijui niliikosea nini kofia ile, maana raundi ya kwanza ilikuwa ikinipa ama dereva wa bodaboda, ambaye hucheza kana kwamba kuna abiria anamsubiri nje, ama fundi simu, ambaye hucheza taratibu mpaka unasahau zamu ni ya nani. Hao ndio vigogo wetu. Asubuhi mapema nimeshatolewa, na kuanzia hapo mpaka jioni kazi yangu ni kukaa kwenye benchi, kutafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kutazama watu ninaojua kabisa ningewafunga wakipanda raundi baada ya raundi. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari. Jambo lisilo na haki naweza kulivumilia kidogo, lakini jambo lisilo na mantiki linaniwasha mwili mzima.

Na si mimi peke yangu niliyeumia. Mtoano ulikuwa unatumalizia watu. Mtu anatoka Migato na baiskeli yake, anafika amejaa vumbi na matumaini, kofia inamkabidhi kwa fundi simu, anafungwa, anapanda baiskeli anarudi. Ukimwona tena una bahati. Waliobaki wakawa wanacheza kwa woga, kila mmoja amejikunja nyuma ya askari wake, hatoki, kwa sababu kosa moja linamaliza siku yake nzima. Ukumbi tuliokuwa tukiazima, nyuma ya mgahawa ambao pilau yake ni nzuri kuliko chesi yetu, ulikuwa unajaa asubuhi, na mchana unabaki na wachezaji wachache na viti.

Tulijaribu ligi, kila mtu acheze na kila mtu. Ilianza kwa mbwembwe na ikafia kwenye msimu wa pamba. Watu walikwenda mashambani, mechi zikalundikana, na waliokuwa mkiani wakapoteza hamu kabisa. Mwishoni ikawa mtu asiye na la kushinda wala la kupoteza anamgawia rafiki yake pointi kama anayemgawia karanga. Nililalamika. Mwenyekiti, ambaye ana duka la vifaa vya shule na subira ya kuuza kalamu moja moja, akaniambia kama nina njia bora niilete.

Kabla sijasimulia nilivyoileta, inabidi nimtambulishe baba mkwe wangu, maana bila yeye hakuna kisa.

Ni bwana shamba mstaafu. Anaishi Kasoli, ana pamba yake na ng'ombe wake, na Jumamosi huja mjini akiwa amechomekea shati kana kwamba bado kuna mkubwa wa kumkagua. Chesi alijifunza chuoni ujanani. Nani mkali zaidi klabuni, yeye au yule dereva wa bodaboda, ni ubishi ambao haujaisha. Mimi sikuwa na la kuchangia katika ubishi huo, kwa sababu baba mkwe wangu sikuwahi kucheza naye hata mara moja.

Kwetu, mkwe na baba mkwe wanapendana kwa umbali. Nikimsalimu napiga magoti na macho yangu yanatazama chini. Sikai nikamkabili. Sili naye meza moja. Alipo yeye, sauti yangu inashuka yenyewe. Sasa fikiria chesi: mnakaa goti kwa goti, mnakodoleana macho, mnapeana mikono kama wakubwa wawili wa ofisini, halafu kazi yako yote ni kumwinda mfalme wake mpaka umpate. Mchezo huu ni kinyume cha kila kitu nilichofundishwa na mama yangu kule Mwamapalala.

Kwa hiyo tuliwasiliana kupitia mume wangu, ambaye mpaka leo hajui farasi anakwendaje. Jumapili moja alirudi kutoka kwa baba yake na ujumbe: "Baba anasema usimtoe malkia asubuhi." Nilikaa na sentensi hiyo siku nzima. Baadaye nikagundua kwamba mzee alisema nisimtoe malkia mapema.

Na kofia je? Kofia ilikuwa haioni chochote isipokuwa ukwe. Karatasi yangu na ya baba mkwe zikitoka pamoja, mwenyekiti alikuwa anasema tu, "Hizi zimegandana," anazirudisha, anatikisa upya. Kila mtu aliona na hakuna aliyesema neno. Hata mimi, mtetezi wa mantiki, nilitazama pembeni.

Basi nikaleta njia yangu. Nilikuwa nimesoma habari za mfumo wa Uswisi na kupakua kwenye simu programu ya kuupangia, na kwenye mkutano wa klabu nikasimama kama niko darasani. Nikaeleza kwamba hakuna anayetolewa. Kila raundi unacheza na mtu mwenye pointi sawa na zako, ambaye hamjakutana. Ukishinda unakutana na aliyeshinda. Ukifungwa unakutana na aliyefungwa. Mpaka jioni kila mtu amejikuta yuko miongoni mwa wanaomfaa.

Dereva wa bodaboda akanyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo ninavyozidi kushinda ndivyo ninavyozidi kuteseka?"

"Ndiyo."

"Na nikifungwa napumzika?"

"Unapata mtu wa saizi yako."

"Basi safi," akasema, "maana huku mtaani ni kinyume chake."

Wakacheka, na nikajua nimeshawapata. Ndipo nikaongeza sharti, nikiwa nimejaa ushindi: upangaji ufanywe na simu peke yake, na mkono wa mtu yeyote usiuguse. Nilimtazama mwenyekiti nilipokuwa nasema hivyo. Akatabasamu kidogo, akauliza kama nina uhakika. Nikasema nina uhakika mia kwa mia. Kule nyuma, karibu na dirisha, baba mkwe wangu akakohoa. Kwa adabu hakuweza kunipinga mbele za watu, nami kwa adabu sikuweza kumtazama nikajua kikohozi kile kina maana gani. Mkutano ukapitisha.

Mashindano yaliyofuata hayakuwa ya kujifurahisha. Klabu ilipewa nafasi tatu za kupeleka wachezaji Mwanza, kucheza na watu wa mikoa mingine ya kanda. Niliitaka nafasi hiyo moja kati ya tatu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kisicho cha lazima. Nilikuwa naosha vyombo nikiwa Mwanza. Nasahihisha mitihani nikiwa Mwanza. Mume wangu akaniuliza kama huko Mwanza kuna mtu, nikamwambia wapo, na nitawafunga wote.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Nilimsalimu baba mkwe mlangoni, magoti chini, "Mwangaluka, baba," naye akaitikia na kupita. Raundi zilikuwa nne. Ya kwanza nilishinda. Ya pili nikashinda. Yeye pia alishinda zote mbili.

Lakini kilichonifurahisha zaidi asubuhi ile kilikuwa meza za nyuma. Watu waliofungwa mara mbili hawakwenda nyumbani. Walikuwa wameinamia ubao kwa uchungu wa kugombea mpaka wa shamba, kwa sababu aliyekaa mbele yao naye amefungwa mara mbili, na mmoja wao lazima atoke na kitu. Mlokole mmoja, ambaye hapendi kuwa na maaskofu kwenye ubao na huwabadilisha mapema iwezekanavyo, alipata ushindi wake wa kwanza tangu ajiunge, akasimama na kuzunguka ukumbi akimpa kila mtu mkono. Nilijisikia kama mtu aliyeleta umeme kijijini.

Kisha ikaja raundi ya tatu. Tulikuwa wanne wenye pointi mbili. Simu ikanipa dereva wa bodaboda, ikampa baba mkwe fundi simu. Mpangilio wa raundi ya nne haukuhitaji kutangazwa na simu, kila mtu aliweza kuhesabu: washindi wawili wa meza hizo wanakutana. Nilihesabu nikiwa nimeshachezesha farasi wangu, na mkono ukabaki hewani. Nikishinda mimi na akishinda yeye, nitakaa goti kwa goti na baba mkwe wangu mbele ya nusu ya Bariadi.

Yeye alikuwa ameshahesabu kitambo. Niliiba macho kwenda kwenye meza yake. Alikuwa anaongoza vizuri tu, fundi simu amebanwa hana pa kupumulia. Halafu nikaona baba mkwe anainua ngome yake, anaipeleka taratibu, anaiweka mahali ambapo hata mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza asingeiweka. Fundi simu alitazama, akamtazama mzee, akatazama tena. Mzee alikuwa anaangalia dirishani. Baada ya muda mfupi alilaza mfalme wake, akampa mkono fundi simu, akatoka nje kunawa uso.

Alikuwa amejifungisha. Alitoa nafasi yake ya Mwanza ili mke wa mwanawe asifedheheke, na akafanya hivyo kimya, kama mtu anayekupisha mlangoni. Nilipaswa kumshukuru. Badala yake damu ilinipanda kichwani. Nilikasirika kwa ajili yake, nikaikasirikia simu, nikajikasirikia mwenyewe na sharti langu, na nilipogeuka kwenye ubao wangu sikuona kitu. Dereva wa bodaboda akanimaliza kwa hatua chache huku akiniuliza kama naumwa.

Sasa sote wawili tulikuwa na pointi mbili na tumefungwa mara moja. Mzee alikuwa amekimbia mlango mmoja ili asikutane na mimi, na mimi nikaingia kwa mlango mwingine nikamkuta mle mle. Mwenyekiti alibonyeza simu kwa ajili ya raundi ya mwisho, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha akaniita pembeni.

"Mayu," akasema, kama wanavyoitwa kina mama kwetu, "simu imewaweka wewe na baba mkwe wako."

"Rudia kupanga."

"Ulisema mkono wa mtu usiguse."

Akaniambia mengine kwa upole: fundi simu na dereva, walio meza ya kwanza, wana uhakika wa kwenda Mwanza vyovyote itakavyokuwa. Nafasi ya tatu, ukihesabu pointi na ugumu wa watu tuliocheza nao, itakwenda kwa atakayeshinda kati yangu na baba mkwe. Atakayefungwa anabaki Bariadi.

"Waambie simu haijui mkwe," mtu mmoja aliyetusikia akasema, na ukumbi ukaangua kicheko cha watu waliofurahi kwamba shida si yao.

Wanaklabu wakakaa kikao cha ghafla. Mmoja akasema tujitoe wote. Mwingine akasema tutoke sare, akaambiwa sare itampa nafasi mtu mwingine. Mwenyekiti ndiye aliyepata dawa, na sidhani kama kuna klabu nyingine duniani iliyowahi kuitumia. Ziwekwe mbao mbili, tugeuziane migongo, mimi nitazame ukuta wa jiko na mzee atazame dirisha. Nikicheza kwenye ubao wangu, mwenyekiti anazunguka na kuchezesha kete ileile kwenye ubao wa mzee. Mzee akicheza, mwenyekiti anarudi kwangu. Kwa njia hiyo hakuna aliyemkabili mwenzake. Baba mkwe akakubali kwa kichwa. Nami nikakubali.

Tukaanza. Nyuma yangu, karibu kabisa, nilikuwa nasikia anavyopumua. Mwenyekiti alizunguka na kuzunguka, na viatu vyake vilikuwa na mlio. Hatua za mwanzo zilikwenda sawa. Halafu akaja kwangu akamsogeza askofu wa mzee mpaka mahali anapoweza kuliwa na askari wangu, pasipo na mlinzi.

Nilimtazama askofu yule. Nilimtazama na mwenyekiti, naye akatazama dari. Ningeweza kumla bila gharama yoyote. Sikumla. Nilichezesha kitu kingine. Mwenyekiti akazunguka, akarudi, akaleta ngome ya mzee, akaiweka mdomoni mwa malkia wangu.

"Hiyo ya bure," akanong'ona, ingawa hakuruhusiwa kusema.

"Nimeiona," nikasema, nikasogeza askari na kuiacha ngome.

Mzee alikuwa ananipa. Alishindwa kunikimbia, basi anaamua kunizawadia, kama anavyonipa gunia la mahindi kila mavuno bila kusubiri nimwombe. Na kila mtu pale ukumbini alikuwa anaona. Ningekwenda Mwanza nimebebwa, mimi niliyesimama mbele yao kuwaambia nimeleta mfumo ambao hakuna anayebebwa. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hofu, na sijui ipi ilifungua mdomo wangu.

"Baba," nikasema, nikiutazama ukuta wa jiko. "Umeshajifungisha mara moja leo kwa ajili yangu. Usifanye tena. Nikienda Mwanza kwa kupewa, huko watanifunga wote, na nitakuwa nimekuibia wewe. Naomba ucheze."

Sijawahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mkupuo, na sijawahi kumsemesha kwa sauti ile. Hata jikoni waliacha kugonga sufuria. Nilihisi aibu ikinitambaa shingoni na nikafikiria nitamwelezaje mume wangu, na mama yangu akisikia atasema nini.

"Mwenyekiti," sauti ya mzee ikasema. "Mwambie nimesikia."

Hatua iliyofuata, ile ngome niliyoikataa ilikatiza ubao wote ikamla farasi wangu.

Niliumia, na nilifurahi sana, kwa wakati mmoja. Kuanzia hapo sikuwa na muda wa kufikiria aibu. Huyu sasa ndiye mchezaji niliyekuwa nasikia habari zake kwa miaka bila kukutana naye. Kila nilipoziba, alitoboa kwingine. Mwenyekiti alikuwa anatoka jasho kwa kuzunguka. Watu waliomaliza mechi zao walisogea wakatuzunguka, wengine upande wa mzee, wengine upande wangu, na wengine wakihama kama mbuzi wanaotafuta kivuli. Nilikuwa nyuma kwa kete moja na nusu ya pumzi yangu. Kisha nikaona kwamba mfalme wake, alipokimbilia kujificha, alikuwa na askari wake mwenyewe anamzibia njia ya kutokea. Nikaanza kumpeleka huko malkia kidogo kidogo, kwa kisingizio cha kujilinda.

Nimeurudia mchezo ule mara nyingi tangu siku ile, nikitafuta mahali aliponiachia. Sijapaona.

Nilipoiweka kete ya mwisho, nilihesabu kila njia ya mfalme wake, nikahesabu tena, na mikono yangu ikatulia. Kwenye klabu yetu anayemfunga mwenzake anatakiwa kutamka neno la ushindi. Hiyo ni sheria ya zamani kuliko mfumo wa Uswisi na kuliko kofia. Lakini neno lenyewe halikutoka. Nilimvuta mwenyekiti shati, nikamnong'oneza, naye akazunguka akaisogeza kete ile kwenye ubao wa mzee, akainama sikioni mwake.

"Sitaki ya kunong'onezwa," baba mkwe akasema. "Wewe kaa. Aliyenifunga ndiye aseme."

Nikavuta pumzi.

"Chekimeti, baba."

"Kwa sauti. Mimi ni mzee."

Masikio yake ni mazima kuliko yangu. Nikasema tena, kwa sauti ninayotumia darasani, mpaka walioko jikoni wakasikia. Nyuma yangu kiti kikasogezwa. Alikuwa amegeuka, na kwa mara ya kwanza nikageuka na mimi. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa ameinamia ubao wangu, anatafuta njia ambayo pengine sikuiona, kidole chake kikimfuata mfalme huku na huku. Alipomaliza kutafuta alimlaza kwa upole, akasimama, akachomekea shati vizuri.

"Nenda Mwanza, mayu," akasema. "Na huko usimwonee mtu haya."